Dobi Aliyekataza Watu Kufua Kofia

Dobi ndiye aliyetupotezea shamba, na hadi leo nikiona kofia nzuri kwenye kichwa cha mtu hapa Matuu nageuka kumtafuta nimwonyeshe. Sijui huo ni upumbavu wa aina gani. Mama yangu anasema nimwache mzee wa watu, hana kosa. Mwenye kosa, kwa imani ya Mama, ni yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu naandika. Nimejaribu kumtoa kwenye imani hiyo na nimeshindwa.

Jina la Dobi nalijua, na ukoo wake naujua pia, lakini hapa mjini hakuna aliyeyatumia. Alikuwa Dobi tu. Ujana wake wote aliumalizia kufua na kupiga pasi nguo za wazungu katika klabu moja kule Machakos mjini, na kazi yake hasa ilikuwa kofia. Kuzipiga brashi, kuzitia mvuke wa birika, kuzirudishia umbo zilipokaliwa na walevi. Klabu ilipofungwa akaondoka na brashi mbili, birika moja, na kichwa kilichojaa kofia za watu waliokwisha kufa au kwenda kwao. Miaka mingi hakuna aliyemwuliza habari hizo. Halafu watu wa Nairobi wakaanza kutafuta kofia za zamani, zile za kutembelea porini na mashambani. Wengine walitaka za kupambia hoteli za watalii, wengine walikusanya tu kama watu wanavyokusanya stempu. Wote walihitaji mtu wa kuwaambia ipi ni mzee kweli na ipi imezeeshwa juzi. Wakaelekezwa kwenye veranda ya duka langu.

Mimi nauza nyuzi, vifungo, zipu na sindano. Nilimpa ile kona ya veranda kwa sababu nilikuwa namwona akichomwa na jua la saa nane pale ng'ambo ya barabara, na roho ikanisuta. Nilidhani atakaa wiki mbili. Alikaa miaka kumi na zaidi, na kila asubuhi aliazima kiberiti changu, na hakuna hata siku moja aliyokirudisha.

"Mzee, leo ni kiberiti cha ngapi?"

"Mwiitu, hesabu nyuzi zako. Kiberiti ni cha Mungu."

Aliniita mwiitu, msichana, hata nilipofika umri wa kuitwa nyanya. Nilimpenda kwa hilo, na nilimchukia kwa mengine mengi.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba hadithi ni baadaye. Mtu akifika na kofia kwenye karatasi ya saruji akafungua mdomo, Dobi aliinua kiganja. Nakumbuka bwana mmoja kutoka Ndithini aliyekuja na helmeti nyeupe, zile tunaziita kofia za DC. Kabla hajaketi akasema hiyo ilivaliwa na gavana mwenyewe, akiwa amesimama kwa gari.

"Weka gavana kando kwanza," Dobi akamwambia. "Nipe kofia."

Akaibonyeza kwa dole gumba, chini karibu na ukingo. Akanionyesha mimi, maana alipenda kuwa na shahidi. Zile za zamani kabisa, aliniambia, zilitengenezwa kwa moyo wa mmea wa majini kutoka India, mwepesi sana. Ukiubonyeza taratibu unaingia kidogo halafu unarudi. Zilizofuata ni za magome ya mti ule wa vizibo vya chupa, na hizo ni nzito, hazibonyei. Na za mwisho ni karatasi ngumu iliyoshindiliwa na kupakwa rangi. Ile ya bwana wa Ndithini ilikuwa karatasi. Dobi akaigonga kwa kucha, ikalia kama boksi la viatu.

"Sasa lete gavana," akasema. "Tumwulize alikuwa anaogopa mvua?"

Yule bwana akaondoka amenuna. Mimi nilicheka mpaka nikapima zipu ya mteja vibaya.

Kofia za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, zile pama pana walizovaa wenye ranchi, hizo aliziheshimu zaidi. Aligeuza ndani kabla ya kutazama nje. "Nje ni ya kila mtu," alisema. Aliangalia ule ukanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Ngozi imeshonwa kwa mkono au kwa mashine? Kile kifundo kidogo nyuma bado kipo? Kuna kikaratasi cha namba ya kichwa? Bitana ya juu imefunikwa kwa plastiki? Kama ina plastiki, usijidanganye kwamba babu yako aliivaa wakati wa vita vya pili. Matundu ya hewa ni ya shaba au ya bati jeupe? Kisha alichomoa uzi mmoja, akawasha njiti ya kiberiti changu, akauchoma. Uzi wa pamba unabaki jivu. Wa nailoni unajikunja unakuwa kishanga kigumu. Mimi nimeuza nyuzi maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kuzichoma nijue umri wa kofia.

"Kofia haiwezi kuwa mzee kuliko uzi iliozaliwa nao," aliwaambia wanunuzi. "Lakini angalia kama ni uzi wa kuzaliwa au wa hospitali."

Uzi wa hospitali ndio ule wa kushonea viraka. Tulifika mahali hata mimi nikawa nauita hivyo dukani.

Waliozeesha kofia aliwajua wote. Kulikuwa na vijana huko njia ya Thika waliokuwa wananunua kofia mpya, wanaziloweka kwa chai ya rangi, wanazifukia kwa udongo mwekundu wiki nzima, halafu wanazipanguza wanaziita za mzungu. Dobi alizipokea kwa heshima zote. Akazinusa. "Majani chai mlitia mengi," akawaambia. Chai inapaka kofia nzima sawasawa, lakini jasho la mtu haliko hivyo. Jasho linakula mbele kuliko nyuma, na upande unaopigwa na jua kuliko upande wa pili. Wale vijana hawakuwahi kupata njia ya kulitengeneza.

Sasa kufua. Mtu yeyote aliyekaa na Dobi siku moja alisikia habari ya kufua. Sisi watu wa huku hatuwezi kumpelekea mtu kitu kichafu. Kuku tu wa kumpa mgeni lazima umfute miguu. Kwa hiyo familia ikiamua kuonyesha kofia ya mzee wao aliyefariki, jambo la kwanza ni karai, maji ya moto na sabuni ya kipande. Wanaitoa jasho lote, vumbi lote, kile kikaratasi cha namba, ile harufu ya mafuta ya nywele ambayo Dobi aliijua miaka yake. Wanaipiga pasi. Ukanda wa ngozi ukipasuka wanashonea mpya, wa plastiki, unang'aa. Wanamletea kofia safi kabisa, isiyoweza kusema chochote.

Mama mmoja wa Kithimani alileta pama iliyonukia sabuni mpaka ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameivika kitambaa kipya cheusi kuzunguka, akatabasamu, anangoja kusifiwa. Dobi aliigeuza ndani, akainusa. Nilidhani atamtukana. Akamwambia, "Mama, umefanya kazi nzuri. Irudishe nyumbani, usiuze." Yule mama alipoondoka, Dobi akaweka uso wake kwa mikono.

"Mimi ndiye dobi," akaniambia. "Mimi ndiye nafaa kufua. Kwa nini hawaniachii?"

Na katika klabu, yeye hakuwahi kutia kofia majini hata moja. Brashi na mvuke, basi. Jina la kufua alilibeba bure.

Yeye mwenyewe hakuvaa kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara uliokwisha kuiva kwa jua, akikifunika kwa leso akizidiwa. Nikamwuliza, akasema ameona ndani mwa nyingi mno. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Wapi! Alikuwa anaangalia kofia ambazo wazee wamezivua na kuziweka magotini. Aliwahi kumwambia katekista, baada ya misa, mbele ya watu, kwamba ile kofia anayosema alirithi kwa babu yake ilitengenezwa yeye katekista akiwa tayari ana watoto. Walikaa bila kusalimiana kutoka Pasaka mpaka Krismasi.

Na mazishini alikuwa balaa. Kuna mzee alizikwa Ndithini, wakaweka kofia yake juu ya jeneza. Tulipopanga foleni kutoa heshima, Dobi alifika pale, akainamisha kichwa, akapiga ishara ya msalaba, halafu nikaona mkono wake ukitambaa kwa ukingo wa kofia, ukiugeuza taratibu. Mjane aliona. Woi! Nilimvuta shati nikamtoa pale, nikamwambia siku moja watamzika pamoja na mtu.

"Ilikuwa nzuri sana," alisema njiani, kwa huzuni ya kweli. "Na wanaitia shimoni."

Ukweli wake haukuwa na jamaa. Binamu yake wa damu alimletea kofia, mnunuzi wa Nairobi akiwa ameketi pale tayari amekubali bei, na Dobi akasema ukingo umekatwa na kofia si ya enzi anayotaka mnunuzi. Binamu alimwita msaliti kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Dobi akamwambia anywe chai. Kwa upande mwingine, mwenye mali asiyejua alichonacho Dobi alimrudisha nyumbani na kofia yake, akimwambia asiiuze kwa watu wale, hata kama watu wale ndio waliokuwa wamemlipia chakula cha mchana siku hiyo. Wanunuzi walimwogopa, wauzaji walimwogopa, na wote walirudi. Neno lake likawa kama muhuri. Dobi akisema ni ya wakati fulani, hakuna aliyebisha, kuanzia hapa mpaka Masinga.

Ndiyo maana kamati ya ranchi ilimwita.

Nieleze vizuri. Umau, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa nyapara wa ng'ombe katika ranchi ya mzungu mmoja, ng'ambo ya Ndithini. Mzungu alimpa mahali pa kujenga na kulima, ukingoni mwa ranchi, kwa maneno ya mdomo tu. Baadaye mzungu akauza akaenda zake, ranchi ikanunuliwa na kampuni ya watu wengi. Miaka ikapita tukilima. Halafu, miaka michache iliyopita, kampuni ikaamua kugawa ardhi, na kamati yake ikatoa sheria. Familia ambazo mzee wao aliwekwa pale na mzungu mwenyewe, kabla ya kuuza, zitabaki na kupewa karatasi. Waliojipenyeza baadaye wataondoka. Kila familia ilete ushahidi.

Sisi hatukuwa na barua. Tulikuwa na kofia. Mzungu alipomfanya Umau nyapara alivua kofia yake mwenyewe akampa, na ndani, kwenye ule ukanda wa ngozi, akaandika kwa wino usiofutika jina la Umau na mwaka. Baba yangu alikuwa akitusomea tukiwa wadogo, akifuata herufi kwa kidole. Nakumbuka kidole chake. Mwaka wenyewe siukumbuki, na hata ningeukumbuka, mimi ni mtoto wa nyumba ile, nani angenisikiliza?

Mwenyekiti wa kamati akasema, "Lete kofia. Tutamwita Dobi. Tukimsikia Dobi tumemaliza." Hata jirani aliyekuwa analitaka shamba letu akakubali. Mimi nilirudi dukani nikiwa nacheka. Nilijua tumeshinda.

Siku mbili kabla ya kikao, Mama alipita dukani. Akataka uzi mweusi, ule mgumu. Nilikuwa na wateja. Nikampa rola nzima, nikamwambia nenda tu, Mwaitu, yaani mama, na sikumwuliza ni wa nini. Miaka yote niliyokaa na Dobi, nikamsikia akilia habari ya kufua, sikuwahi kukumbuka kumwambia mama yangu mzazi. Hilo ni langu, na silikwepi.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa kanisa, asubuhi, madirisha wazi. Mama alikuja na kofia imefungwa kwenye leso mpya. Alipoifungua nikasogea kuiona. Ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameifua kwa maji ya moto, ukanda wa ngozi ukakatika vipande vipande, akaipeleka kwa fundi Kithimani ikatiwa ukanda mpya, mwekundu. Uzi ulikuwa ule niliompa.

"Kofia ya marehemu haiendi mbele ya wazee na jasho lake," aliwaambia wazee, akiipitisha kwa mikono miwili. Wengine waliitikia kwa kichwa. Hata wao wangeifua.

Dobi aliipokea. Akachomoa uzi, akauchoma, ukawa kishanga. "Uzi huu ni wa wiki hii," akasema, na upande wa jirani yetu wakacheka. Akainusa. Akapitisha vidole nje, ndani, ukingoni. Akainua ule ukanda mwekundu kwa ukucha, upande wa nyuma, akasimama, akaipeleka dirishani. Alikaa dirishani muda mrefu sana. Sikuwahi kumwona akikaa na kofia hivyo. Nikaanza kuomba.

Akarudi akaketi.

"Sijui," akasema.

Mwenyekiti akakunja uso. "Hujui vipi, Mzee? Ni ya kabla ya kuuzwa ama ya baada?"

"Sijui ni kusema sijui. Kofia imefuliwa."

Neno hilo nililiona likiingia kwa Mama. Alishika ncha za leso yake akazikunja, akazikunja tena. Mimi nikasimama nikapiga kelele, nikamwambia Dobi aangalie tena, nikamwambia anajua, anajua kila kofia, kwa nini hii yetu. Hakunijibu. Ukumbi mzima ulimheshimu kwa kutonijibu. Walisema nje kwamba ukweli ndio huo, mtu amekaa kwenye veranda ya huyu mama miaka yote na bado hakumpendelea.

Nilikimbia Kithimani siku hiyo hiyo kutafuta ule ukanda wa zamani. Fundi akaniambia vipande vyake huchoma kila jioni. Kamati ikasema tuondoke, tukapewa muda wa kuvuna mahindi yaliyokuwa shambani. Ndugu yangu akaenda Mavoko kutafuta kazi. Mama nikamchukua, nikampangia chumba nyuma ya duka. Kofia aliichoma mwenyewe jikoni, kabla hatujahama, bila kumwambia mtu. Nilikuta matundu ya shaba kwenye majivu.

Tangu hapo, mgeni akija, hata asiyeuliza, Mama humwambia, "Tulikuwa na shamba. Mimi nikafua kofia." Anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia kijiji alikotoka. Ndugu yangu akipiga simu anaanza kwa kumwomba msamaha. Amefikia umri ambao alifaa kukaa kwake, awaone wajukuu wakichuma mbaazi, na badala yake anakaa kwenye chumba chenye mlango wa mabati, anajihukumu. Mimi humwambia uzi nilimpa mimi. Anasema, "Wewe uliuza tu uzi, hiyo si kazi yako?"

Na Dobi? Aliendelea kukaa kwenye veranda yangu. Ndiyo, nilimwacha. Mwezi mzima sikumsemesha, halafu asubuhi moja akanyoosha mkono kuomba kiberiti na nikampa. Ningemfukuza kwa kosa gani? Kwa kusema ukweli? Polepole akaanza kuja siku mbili kwa wiki, kisha siku moja, kisha hakuja. Wanunuzi nao siku hizi wanapiga picha kwa simu, simu inawaambia wanachotaka kusikia. Kona yake sasa ina kijana anayetengeneza simu.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja wa Nairobi, mnunuzi wa zamani, ana kofia kwenye boksi, hataki habari ya simu, anamtaka Dobi. Nikamwambia aniachie, nitaifikisha. Nikafunga duka saa nne nikaenda Kithimani, kwa mwanawe alikokuwa anakaa.

Nilimkuta ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe magotini, anachambua. Nikasimama mbele yake. Akaendelea kuchambua. Mawe aliyaacha, maharagwe mazima akayatupa.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

Kichwa kikainuka, kikageukia upande ambao sikuwepo. "Asi! Mwiitu wa nyuzi."

Nikaketi kwenye kigoda. Nikamwuliza macho yalianza lini. Akasema zamani.

"Zamani lini?"

Akaweka ungo chini. Hakuinua kiganja, na hakusema hadithi ni baadaye. Akasema alijua siku moja nitakuja kuuliza na hangenidanganya.

"Ile kofia yenu," akasema. "Wino ukiandikwa kwa ngozi, na ngozi ikikaa na jasho miaka mingi, wino unahamia kwa manyoya ya nyuma yake. Unajichora pale, umegeuka. Hata ngozi ikitoka, hata kofia ikifuliwa, mara nyingi unabaki kidogo. Nimeona kofia nyingi hivyo. Nilijua mahali pa kuangalia, ndiyo maana niliinua ule ukanda."

"Na ukaona nini?"

"Sikuona kitu. Hata dirisha lenyewe niliona tu weupe. Nilikuwa nimefikisha mwaka mzima nafanya kazi na vidole na pua. Vidole havisomi wino."

Nikamwambia angempa mtu mwingine aangalie. Mwenyekiti alikuwa pale na miwani. Mimi nilikuwa pale, hatua tatu tu! Angesema angalieni hapa.

"Ningesema sioni," akasema, "nani angeniletea kofia tena? Watu wote walikuwa wananiangalia mimi. Nikasema sijui. Haikuwa uongo."

"Ukasema imefuliwa."

"Ilikuwa imefuliwa."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkono wangu ulishika ule ungo na sijui nilitaka kufanya nao nini. Nikamwuliza kitu kimoja tu: maandishi yalikuwepo au hayakuwepo?

"Ningejua ningekuambia. Huenda yalikuwepo. Huenda sabuni iliyala. Hakuna mtu aliyeangalia, mwiitu." Akanigeukia. "Kofia iko wapi?"

"Ilichomwa."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuomba msamaha, na mimi sikuwa na msamaha wa kumpa. Nilichambua maharagwe yake yaliyobaki, kwa sababu mkaza mwanawe angeyapika na mawe, na nikaondoka na boksi la mama wa Nairobi bila hata kulifungua.

Njia nzima nilikuwa nafikiria Mama. Nilijiambia, angalau hili. Shamba limekwenda, haliwezi kurudi, kampuni imekwisha kuligawa na watu wamejenga. Lakini Mama atajua kwamba si sabuni yake. Au huenda si sabuni yake. Hata hiyo huenda, nilitaka aipate.

Nilimkuta ameketi kitandani anashona kifungo. Nikafunga mlango. Nikamweleza yote, polepole, habari ya wino na manyoya, habari ya dirisha, macho ya Dobi, aliyoyasema na jinsi alivyoyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akakata uzi kwa meno.

"Amekuambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, Mwaitu. Leo asubuhi."

Akaniangalia, na nikaona macho yake yamejaa, lakini si kwa sababu niliyoitaka. Akanishika shavu.

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Umetafuta maneno mazuri ya kunipa nilale. Lakini usimsingizie mzee wa watu. Yule alisema kweli siku ile mbele ya wote, na wewe mwenyewe unajua hajawahi kusema uongo."

Nikaanza kuapa. Akaniziba mdomo kwa mkono wake, akaniambia tumekwisha kupoteza shamba, nisipoteze na roho yangu kwa ajili yake.